Injini ya Kuzimia Moto Katika Magari ya Mashindano

Leo tutasoma habari za injini iliyoundwa kwa kazi moja, ikapata sifa kwa kazi nyingine.

Kwanza fikirini juu ya uzito. Ukipanda kilima na gunia la karafuu mbichi kichwani, kila ratili unaijua. Gari nalo ni hivyo hivyo: likiwa na injini nzito, nguvu nyingi huishia katika kuuvuta uzito huo.

Mnamo mwaka 1950 Serikali ya Uingereza ilitaka pampu mpya ya kuzimia moto. Ilitakiwa itoe maji mara mbili ya pampu za zamani, na uzito wake uwe nusu tu, ili watu waibebe kwa mikono. Tena moto haungoji: injini ikiwashwa tu, ifanye kazi kwa nguvu zake zote papo hapo. Kampuni ya Coventry Climax iliipokea kazi hiyo. Mafundi wake, Walter Hassan na Harry Mundy, waliunda injini ndogo ya aluminiamu yenye silinda nne.

Wakati huo Cooper na Lotus zilikuwa karakana ndogo. Hazikuwa na mali ya kuunda injini zao wenyewe, kama alivyofanya Ferrari wa Italia. Injini nyepesi, yenye nguvu na isiyochoka upesi, ndiyo hasa waliyoihitaji watu wa namna hiyo. Basi kampuni ikaiongeza nguvu mpaka kufika farasi 72, na mwaka 1954 ikakimbia katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Baadaye Cooper na Lotus wakaitia katika magari yao.

Kampuni ilipoona hayo, ikaunda pia injini za mashindano hasa. Kwa injini hizo Jack Brabham wa Australia, akiendesha gari la Cooper, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960. Wadogo wakawashinda wakubwa.

Hata leo wapenzi wa magari ya kale huyashindanisha magari yale yenye injini ya pampu.

Fundi hodari haulizi chombo kinaitwaje. Huuliza kinaweza nini.

Maswali
1. Kwa nini pampu ilitakiwa iwe nyepesi?
2. Injini hiyo iliwafaa vipi wenye karakana ndogo?
3. Taja chombo kimoja kijijini kwako kinachofanya kazi ambayo hakikuundiwa.