Mkono Uliofundishwa Upya



Katika maboma ya Nyanungu, mzee aliyepatwa na kiharusi huwekewa kiti chini ya mti, naye hulishwa, huvishwa na kufanyiwa kila jambo. Ni upendo, hakuna anayebisha. Lakini ndani ya upendo huo imefichika hukumu: mkono umekufa. Hukumu hiyo haikuanzia kwetu. Santiago Ramón y Cajal, mtaalamu mkuu wa Hispania aliyechunguza neva kwa hadubini, alifundisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba njia za neva katika ubongo wa mtu mzima hazibadiliki tena. Vizazi vya madaktari vikaamini hivyo.

Mwaka 1959 Pedro Bach-y-Rita, mwalimu wa chuo mjini New York mwenye umri wa miaka 65, alipatwa na kiharusi kilichompooza upande mmoja na kumnyima usemi. Baada ya majuma manne ya mazoezi hakuonyesha nafuu. Mwanawe George, aliyekuwa akisomea udaktari Mexico, alimchukua nyumbani kwake. Kwa kuwa hakujua namna ya kumfundisha mtu mzima kutembea, alianza pale watoto wanapoanzia: alimtaka baba yake atambae. Majirani walichukizwa kumwona mzee msomi akitambaa kama mnyama. (Kwetu, nadhani, kijana huyo angeitiwa wazee.) Baadaye wakacheza gololi sakafuni, ili mkono dhaifu ulazimike kuzifuata. Kisha ikaja kazi ya kuosha sufuria: mkono dhaifu uzunguke robo saa upande huu, robo saa upande ule. Pole pole mzee alisimama, akanena, hata akarudi kufundisha.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 72, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa safarini milimani huko Colombia. Ubongo wake ulipochunguzwa, jeraha lilikutwa pale pale, kubwa mno, wala halikuwa limepona. Basi alitembeaje? Sehemu zilizosalia zilikuwa zimejifunza kazi ya zile zilizokufa. Mwanawe mwingine, Paul, aliyekuwa daktari, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulichunguza jambo hilo.

Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 222, waliopatwa na kiharusi kati ya miezi 3 na 9 iliyotangulia. Waliofunzwa kwa njia mpya walivishwa glavu katika mkono mzima, na ule dhaifu ukafanyishwa kazi hadi saa 6 kwa siku, kwa majuma 2. Mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Tuseme kweli: walichaguliwa wale tu ambao vidole na kiwiko cha mkono vilikuwa na uhai kidogo.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, watafiti waliofuatilia wakazi wa Hai, Kilimanjaro, na sehemu ya Dar es Salaam walikuta watu 636 waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza.

Basi mgonjwa akimbizwe hospitali siku ile ile, na shinikizo lake la damu litibiwe. Akisharudi, na waganga wakiruhusu, mpeni maharage ayachambue kwa mkono ule dhaifu, hata akimaliza kikombe kimoja tu asubuhi nzima.