Kuasisiwa kwa Vyama vya Beni

Mnamo Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais mpya wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba Waafrika waliosoma walikuwa wamefundishwa kucheza dansi za Kizungu na kuzidharau ngoma zao. Kwa kipimo hicho, kikitumiwa kwa haraka, Beni ingehukumiwa mara moja. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Wachezaji walivaa kofia za kiafisa, wakapanga safu kama askari gwarideni, na wakuu wao wakaitwa Kingi na Jenerali. Je, huo haukuwa utumwa wa mawazo?

Mimi nasita kukubali, na sababu yangu ni namna vyama hivyo vilivyoasisiwa. Beni ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Huko, tangu zamani, mtaa ulishindana na mtaa kwa ngoma, mashairi na karamu. Lamu, kwa mfano, ilikuwa na Mkomani na Langoni. Kwa hiyo mtu hakuweza kuasisi chama kimoja tu cha Beni. Chama kisicho na mshindani kingemchezea nani? Palipoingia Marini, Arinoti nao hawakuchelewa. Tarumbeta zilikuwa za wageni, lakini mashindano yalikuwa ya wenyeji.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza Beni bara. Askari na wapagazi, waliotengwa na koo zao, waliianzisha kambini, na vita vilipokwisha wakaendelea nayo mijini. Hapo ndipo faida yake ilipoonekana. Mwanachama aliyefika mji asioujua aliwatafuta wenzake wa chama. Akapokewa, na akifa huko walikuwapo watu wa kumzika. Vyeo vile vilivyochekwa na Wazungu vilikuwa na kazi: kukusanya michango, kusuluhisha ugomvi, kuandikiana barua na matawi ya mbali. Wanawake nao walikuwa na viongozi wao. Maofisa wa Kiingereza waliingiwa na hofu, wakachunguza kama hiyo ilikuwa njama. Ilikuwa ngoma, lakini ngoma iliyowafunza watu wa makabila mbalimbali kujiendesha pasipo bwana mkubwa.

Haifai, hata hivyo, kuipamba kupita kiasi. Karamu za kushindana zilikula fedha nyingi, na wazee waliolalamikia ubadhirifu huo hawakukosea.

Kando ya Ziwa Nyasa Beni ilizaa Mganda na Malipenga. Huko tarumbeta za shaba zilikuwa adimu. Vijana walichukua vibuyu, wakatoboa tundu na kuliziba kwa utando wa buibui. Mtu akiimba ndani yake, sauti hutoka ikivuma kama ya tarumbeta. Safu za kijeshi zilibaki, ila vyombo sasa vilitoka shambani.