USAWA KATIKA CHUO KIKUU: SOMO LA HISTORIA YA MLIMANI

Katika madarasa ya siasa huulizwa mara nyingi swali hili: ikiwa sheria inamruhusu kila Mtanzania mwenye sifa kuingia Chuo Kikuu bila ya kujali rangi, kabila, dini, jinsia au ulemavu, kuna haja gani ya kuwapa baadhi ya wanafunzi msaada wa pekee? Wako makada wanaosema kwamba msaada huo ni upendeleo, na kwamba upendeleo ni adui wa usawa. Hoja hii haina budi kupimwa kwa historia yetu wenyewe.

Urithi wa ukoloni

Serikali ya Waingereza iliendesha elimu kwa misingi ya rangi. Wazungu walikuwa na shule zao, Waasia zao na Waafrika zao. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Wachache waliobahatika walikwenda Makerere au ng'ambo. Tena hata hizo shule chache za Waafrika hazikuenea nchini kwa usawa. Zilijengwa zaidi palipokuwa na misheni na mazao ya biashara, kama Kilimanjaro na Bukoba. Sehemu za kusini na nyika za wafugaji zikaachwa nyuma.

Kwa hiyo Chuo kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, kilirithi matabaka ambayo hakikuyaunda. Hatua zilizofuata zilikuwa za kuubomoa urithi huo. Ubaguzi wa rangi katika shule ulifutwa mwaka 1962, na ada za shule za sekondari zikaondolewa mwaka 1964. Mwaka 1970 Chuo kikawa Chuo Kikuu kamili cha Taifa, na gharama za wanafunzi zikabebwa na umma.

Lakini kumwingiza mtoto wa mkulima chuoni hakukutosha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima. Tukio hilo lilionyesha kwamba mtu anaweza kutoka katika tabaka la wanyonge na bado akavaa kasumba ya wateule.

Fundisho la Musoma

Ni kwa sababu hiyo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974, iliamua kwamba mwanafunzi asitoke sekondari na kwenda moja kwa moja Chuo Kikuu. Ilimpasa kwanza alitumikie Taifa, afanye kazi, na apate mapendekezo ya mahali pa kazi na ya Chama. Shabaha ilikuwa njema. Wafanyakazi waliokosa nafasi zamani walipata njia, na msomi alilazimika kuyajua maisha ya wenzake kabla ya kuvaa joho.

Hata hivyo matokeo mengine hayakutazamiwa: idadi ya wasichana waliojiunga ilishuka. Sharti lilikuwa moja kwa wote, lakini uzito wake haukuwa mmoja. Kwa kijana wa kiume, miaka ya kazi ilikuwa kungoja tu. Kwa msichana, miaka hiyo hiyo ndiyo ya kuposwa, kuolewa na kulea, na aliyekwisha kuwa na mtoto mgongoni hakurudi kwa urahisi kwenye vitabu. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Na katika vikao vingi vya kutoa mapendekezo wanawake walikuwa wachache.

Kabla ya miaka ya 1970 kwisha, wasichana waliruhusiwa kuingia moja kwa moja. Je, huo ulikuwa upendeleo? La. Ulikuwa ni kusahihisha kanuni ambayo, kwa kuwatendea watu wote namna moja, iliwatoa nje baadhi yao. Hili ndilo fundisho kubwa la Musoma, na halikupitwa na wakati.

Kuingia na kumaliza

Miaka ya 1990 ilileta sera ya kuchangia gharama, na mzigo ukarudi kwenye mifuko ya wazazi. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Mkopo ni jambo jema, lakini fedha peke yake haimalizi kazi. Mwanafunzi asiyeona anahitaji kitabu cha nukta nundu au msomaji. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kufika kwenye mhadhara ulio ghorofani pasipo na lifti. Naye aliyetoka sekondari ya kijijini isiyo na maabara hujikuta mwaka wa kwanza akifundishwa kwa Kiingereza mambo ambayo mwenzake wa mjini amekwisha kuyaona kwa macho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetambua haki ya walemavu ya kupata elimu. Kilichobaki ni utekelezaji, na utekelezaji hupimwa kwa idadi ya wanaomaliza masomo, si ya wanaosajiliwa tu.

Wajibu wetu

Msaada huu si sadaka. Chuo kinaendeshwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi wa mikoa yote, wanaume kwa wanawake, wazima kwa walemavu; kwa hiyo ni mali yao wote. Kada anayekaa katika kikao cha chuo hana budi kuuliza juu ya kila kanuni mpya: inamwangukia nani kwa uzito zaidi? Naye mwanafunzi aliyesaidiwa akumbuke mwaka 1966. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa na kijiji chenye njaa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula. Asiporudi, amekisaliti kijiji. Anayeinuliwa anadaiwa, na deni lake hulipwa kwa kumwinua aliye nyuma yake.