Hesabu ya Watu na Mstari Ulionyooka

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 katika Tanzania. Ya 1978, milioni 17.5, na ya 2022, milioni 61.7. Tukizichora hesabu za sensa zote sita, twaona mstari usionyooka, bali wapinda na kupanda kama njia itokayo bonde la Rukwa kwenda juu Ufipa. Sababu ni kwamba watoto wengi wa leo ndio wazazi wengi wa kesho. Watu huongezeka kwa kuzidishwa.

Mwaka 1614 John Napier wa Uskoti alitoa majedwali ya logi, yageuzayo kuzidisha kuwa kujumlisha. Kisha Henry Briggs akayatengeneza kwa msingi wa 10. Tukichora logi ya kila sensa, mstari hukaribia kunyooka: kila mwaka huongezeka karibu 0.012 hadi 0.014.

Basi tutazame kwetu. Mkoa wa Rukwa, kwa mipaka yake ya sasa, ulikuwa na watu 1,004,539 mwaka 2012, na 1,540,519 mwaka 2022. Ajumlishaye ongezeko lile lile hutazamia 2,076,000 mwaka 2032. Afuataye logi hutazamia 2,362,000. Tofauti ni watu 286,000. Tukipanga madarasa na visima vya Sumbawanga kwa hesabu ya kwanza, hao watasoma wapi, watateka maji wapi?

Hata hivyo, uzazi ukipungua, mstari wa logi nao utapinda. Kwa hiyo kila sensa ijapo, yatupasa kuuchora upya.