Kitabu Hiki Kiliandikwa kwa Mwili wa Nani?

Anayetaka kujifunza kunyoosha viungo siku hizi hukutana na maelekezo yanayopingana. Huyu anamwambia ajinyooshe kabla ya kukimbia, yule anamkataza. Kitabu kimoja kinamtaka ashikilie mkao kwa sekunde 15, kingine kwa dakika nzima. Mwalimu wa yoga anamtaka awe na subira ya miaka, mwanasarakasi anapiga msamba mbele ya macho yake na kumwahidi kwamba na yeye ataweza. Katika mkanganyiko huo wengi huchagua kwa kuangalia tarehe, wakiamini kuwa kilichotoka karibuni ndicho sahihi. Wengine huona kuwa kilicho cha kale zaidi ndicho chenye asili. Nikiifuata historia ya mafunzo haya, naona vipimo hivyo viwili havitoshi. Kila mfumo wa kunyoosha viungo ulitungwa kwa ajili ya miili fulani iliyokuwa na shida fulani, na mara nyingi chini ya jicho la msimamizi. Ulifanya kazi pale ulipotungwa. Ulianza kupotosha pale watu walipouhamisha bila kusema umetoka wapi. Kwa hiyo swali la kwanza la kukiuliza kitabu, au video, au mwalimu, ni hili: mafunzo haya yalitengenezwa kwa mwili wa nani?

Waandishi wa mwanzo walilijua swali hilo vizuri. Mwaka 1569 tabibu wa Kiitaliano Girolamo Mercuriale alichapisha mjini Venice kitabu cha mazoezi ya mwili alichokikusanya kutoka maandiko ya Wagiriki na Warumi. Aliyagawa mazoezi kufuatana na makusudi: ya tiba, ya vita, na ya wanamichezo wa kulipwa, na haya ya mwisho aliyashutumu waziwazi kuwa yanaharibu afya. Karibu karne mbili na nusu baadaye, Per Henrik Ling wa Sweden alifuata njia kama hiyo. Alianzisha chuo cha kifalme cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, miaka minne tu baada ya Sweden kunyang'anywa Finland na Urusi, wakati taifa lilipokuwa likiwaza namna ya kuwaimarisha vijana wake. Ling aliyapanga mazoezi katika matawi manne: ya malezi, ya kijeshi, ya tiba na ya urembo wa mwendo. Hakutaka askari apewe zoezi la mgonjwa, wala mtoto apewe la askari. Lakini alifariki mwaka 1839 bila kukamilisha kitabu chake kikuu. Wanafunzi wake ndio waliokimalizia, na mwanawe Hjalmar ndiye aliyeyapanga mazoezi katika majedwali ya masomo. Majedwali yale yaliweza kunakiliwa na mtu yeyote, na ndiyo yaliyosafiri mbali.

Uingereza iliyachukua kwa haja yake yenyewe. Vita vya Makaburu vilipofichua idadi kubwa ya vijana wasiofaa kuandikishwa jeshini, serikali iliingiwa na hofu juu ya afya ya watoto wa maskini. Mtaala wa mazoezi uliotolewa na Bodi ya Elimu mwaka 1909 ulijengwa juu ya mfumo wa Kisweden. Ulilengwa kwa watoto wa mijini, wengi wao wasiopata chakula cha kutosha, waliobanana madarasani bila kiwanja wala vifaa. Ndiyo maana mazoezi yake yalifanywa kwa mistari na kwa amri, mikono juu, mikono pembeni, kuinama, kusimama. Kwa haja ile mpango huo ulikuwa na busara. Kisha ukafuata njia za dola hadi makoloni, na shule za serikali na za misheni katika Afrika ya Mashariki zikapokea mazoezi ya viungo katika sura hiyo ya gwaride na amri. Tofauti ni kwamba mtoto wa kijijini aliyetembea maili kadhaa kufika shule, aliyechota maji, aliyepanda miti na kucheza ngoma, hakuwa na shida ya mtoto wa London aliyeshinda amekunjamana kwenye benchi. Alifundishwa kutatua tatizo la mwili wa mwingine. Jambo hili nalitilia uzito, kwa sababu wengi wetu tulilirithi somo hilo likiwa limeshakuwa desturi tupu, na tukaondoka shuleni tukidhani kunyoosha viungo ni kuitikia amri kwa pamoja.

Nchini Denmark, Niels Bukh aliona ugumu wa mfumo wa Kisweden na akatunga wake. Wanafunzi wa chuo alichokifungua Ollerup mwaka 1920 walikuwa hasa vijana wa mashambani, wenye nguvu lakini waliokakamaa mabega na viuno kwa kazi za jembe. Bukh aliacha mikao ya kusimama tuli akawapa mwendo usiokatika, wenzao wakiwavuta na kuwasukuma hadi viungo viachie. Alizunguka dunia na vikosi vyake vya maonyesho, hata Japani mwaka 1931, na watazamaji walistaajabu. Walichokiona, hata hivyo, kilikuwa miili ya vijana wenye afya waliofanya mazoezi siku nzima, na wengi waliomwiga walichukua mwendo wakaacha sharti hilo.

Yoga ya mikao, ambayo leo ndiyo chemchemi ya mafunzo mengi ya kunyumbulika, ina historia ya namna hiyo hiyo. Tirumalai Krishnamacharya alifundisha Mysore miaka ya 1930 chini ya ufadhili wa maharaja, katika ukumbi wa jumba la kifalme, na wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana. Kitabu chake *Yoga Makaranda* kilitoka mwaka 1934. Mtafiti Mark Singleton alidai mwaka 2010 kwamba yoga ya mikao ya zama hizo ilichanganyika na mazoezi ya Ulaya yaliyokuwa yameenea India, na dai hilo limezua ubishi usiokwisha. Kwa hoja yangu, muhimu zaidi ni umri wa wanafunzi wale: mfululizo wa mikao ya haraka uliomfaa mvulana wa miaka 14 umekuja kuuzwa kwa mtu wa miaka 50 kama hekima isiyo na umri. B. K. S. Iyengar, shemeji na mwanafunzi wa Krishnamacharya, aliyekuwa mtoto wa maradhi maradhi, alilitambua tatizo hilo. *Light on Yoga* yake ya mwaka 1966 ina mikao ipatayo 200 na picha zipatazo 600, na kila mkao umepewa namba ya ugumu wake. Mwishoni mna ratiba ya wiki 300, yaani karibu miaka sita. Baadaye akaingiza mikanda, matofali ya mbao na kamba ili asiyefika afikishwe. Huo ni uaminifu mkubwa kwa msomaji. Inasikitisha kwamba picha zimenakiliwa kila mahali huku namba na ratiba zikiachwa nyuma.

Hakuna mfano ulio bayana kuliko mbinu ya kukaza na kulegeza. Daktari Herman Kabat, bingwa wa mishipa ya fahamu, aliianzisha Marekani miaka ya 1940 kwa ajili ya watu waliopooza, wakiwemo waliougua polio, akisaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia Margaret Knott. Mgonjwa analala chali. Mtaalamu anamwinua mguu ukiwa umenyooka mpaka misuli ya nyuma ya paja inapogoma. Hapo mgonjwa anausukuma mguu kuelekea chini dhidi ya mkono au bega la mtaalamu kwa sekunde chache, kisha analegea, na mguu unapanda zaidi ya ulipokomea mwanzo. Kitabu cha Knott na Dorothy Voss cha mwaka 1956 kiliandikiwa wataalamu waliozoea kuhisi kwa viganja vyao kiasi cha nguvu ya mgonjwa. Wanamichezo walipoidaka mbinu hii miaka iliyofuata, mtaalamu alibadilishwa akawekwa mchezaji mwenza. Mbinu bado inafanya kazi, wala sitaki kuikana. Ila mwenza mwenye haraka, asiyefundishwa kusikiliza mguu wa mwenzake, anaweza kuuchana msuli ule ule aliotaka kuulainisha.

Kwa upande wa vitabu vya watu wa kawaida, sijaona kilichotimiza wajibu wake vizuri kuliko *Stretching* cha Bob Anderson, alichokichapisha mwenyewe mwaka 1975 kikiwa na michoro ya mkewe Jean, kabla ya toleo la mwaka 1980 kukieneza duniani. Wamarekani walikuwa wameingiwa na hamu ya kukimbia, hasa baada ya Frank Shorter kushinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1972, na wengi walikuwa watu wazima walioamka kwenye viti vya ofisi. Anderson aliwakataza kudundadunda wakijinyoosha, akawaambia washikilie mkao mwepesi, wasikie mvuto bila maumivu, na waendelee mbele pale tu mvuto unapopungua. Michoro ilionyesha kwa nukta sehemu ya mwili ambapo mvuto unatakiwa usikike. Kurasa zilipangwa kwa shughuli: za mkimbiaji, za mwendesha baiskeli, za aliyekaa muda mrefu. Msomaji alijua ukurasa gani ni wake.

Hapa mtu wa sayansi ataniuliza kwa nini tuhangaike na vitabu hivi wakati tuna tafiti. Ni hoja nzito, na tafiti zimetufaa sana. Zimetuonyesha kwamba kushikilia mkao kwa dakika moja na zaidi kabla tu ya mchezo kunaweza kupunguza nguvu ya msuli kwa muda, wakati mikao mifupi haina athari hiyo kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Lakini utafiti nao hufanywa juu ya miili ya watu fulani. Mwaka 2000 Rodney Pope na wenzake walitangaza matokeo ya kuwafuatilia kuruta 1,538 wa jeshi la Australia kwa wiki 12 za mafunzo. Nusu walinyoosha misuli ya miguu kwa sekunde 20 kila msuli wakati wa kupasha mwili moto, nusu hawakunyoosha. Walioumia miguu walikuwa 158 upande wa kwanza na 175 upande wa pili, tofauti ndogo mno kuthibitisha kinga yoyote. Habari ikasambaa kwamba sayansi imeona kunyoosha viungo hakuna faida. Utafiti haukusema hivyo. Uliuliza kama kuruta wa kiume, kijana, anayekimbia na kuruka kwa amri, atakingwa na majeraha. Haukumuuliza mcheza dansi wala fundi cherehani mwenye shingo iliyoganda.

Wapo pia watakaosema dawa ni kuachana na vitabu na kumtafuta mwalimu. Nakubaliana nao nusu. Vijana wa Kitanzania waliopelekwa China miaka ya 1960 kujifunza sarakasi hawakujifunza kwa kusoma. Waliinamishwa, wakanyooshwa na kusahihishwa siku hata siku na walimu waliopitia njia hiyo hiyo, na ujuzi huo ukaendelea kurithishwa nchini, baadaye hata katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Walikuwa vijana waliochaguliwa, na sarakasi ndiyo ilikuwa kazi yao. Mwalimu wa namna hiyo akipewa darasa la jioni la watu wazima atawaumiza asipobadili mkono wake, hata awe bingwa. Na yule mwalimu wa shule ya kikoloni alikuwepo mbele ya wanafunzi kila asubuhi, lakini kuwepo kwake hakukurekebisha mtaala usiowahusu. Mwalimu naye ana kitabu chake kichwani, na swali ni lile lile.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba mwili wa binadamu ni mmoja: msuli wa Mdenmark ni msuli, wa Mhindi ni msuli, na kinachomlainisha mmoja kitamlainisha mwingine. Kwa sehemu ni kweli, na ndiyo maana mifumo hii yote inafanana kwa mbali. Lakini watafiti Cynthia Weppler na Peter Magnusson walieleza mwaka 2010 kwamba maendeleo ya wiki chache za mwanzo hutokana zaidi na mtu kuzoea kuuvumilia mvuto kuliko msuli wenyewe kurefuka. Ikiwa ndivyo, basi anachokihisi mtu, umri wake na anachokiogopa vinaingia katika kazi yenyewe. Mwaka 1994 William Bandy na Jean Irion walilinganisha sekunde 15, 30 na 60 za kunyoosha misuli ya nyuma ya paja kwa wiki sita, wakakuta 30 zinazidi 15, na 60 haziongezi kitu juu ya 30. Sekunde 30 zikawa sheria katika vitabu vingi. Mwaka 2001 Brent Feland na wenzake wakarudia swali hilo hilo kwa watu wa miaka 65 na zaidi, na kwao sekunde 60 ndizo zilizoleta matokeo makubwa na yaliyodumu zaidi. Kwa bibi wa miaka 70 anayetaka kuinama afunge kamba za viatu vyake mwenyewe, kurasa chache za Feland zina manufaa kuliko *Light on Yoga* nzima. Kwa kijana anayesomea sarakasi Bagamoyo, hazina cha kumfaa.