CV moja haiombi kazi zote



Juzi nimekaa cafe, pembeni yangu dogo mmoja anatuma maombi ya kazi. Benki, mradi wa afya, hoteli ya Zanzibar, zote kazitumia CV ile ile. Hata ule mstari wa "lengo langu ni kufanya kazi benki" umekwenda nao mpaka hotelini! Nikaona hili nilimwage hapa, maana tuko wengi.

Cha kushika ni kimoja: historia yako haibadiliki, ila unachotanguliza kinabadilika kutokana na nani anasoma. Mwajiri ana rundo mezani. Asipoona anachokitafuta ukurasa wa kwanza, wa pili hafiki.

Tuchukue mfano. Kuna dada ana diploma ya uhasibu. Hajawahi kuajiriwa, ila amekaa mwaka mzima kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, na ni mweka hazina wa VICOBA mtaani kwao. Ati anasema "sina uzoefu". Anao, tena mwingi!

1. BENKI NA KAMPUNI BINAFSI
Hapa kibanda kinapanda juu. Asiandike "nilikuwa wakala" akaishia hapo. Aseme alihudumia wateja wangapi kwa siku, alifunga hesabu kila jioni, na kama fedha ilipungua aliitafutaje. Kurasa mbili zinatosha. Asome tangazo vizuri, na maneno ya tangazo yanayomhusu kweli yaonekane kwenye CV.

2. NGO NA MIRADI
Hapa VICOBA ndiyo inatangulia. Kikundi kina wanachama wangapi, alitunza vitabu vipi, alisoma taarifa kwenye mikutano mara ngapi. Miradi inataka mtu wa kukaa na wananchi na kuandika ripoti. Ataje na programu za kompyuta anazozijua kweli, maana anaweza kupewa mtihani palepale.

3. HOTELI NA UTALII
Lugha zikae juu, na kiwango chake: anaongea, anaandika, au anasalimia tu. Kisha huduma kwa mteja, na utayari wa kufanya kazi za zamu na sikukuu.

4. SERIKALINI
Huku ni utaratibu mtupu. Kazi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinaombwa kwa mtandao, kupitia Ajira Portal. Jaza kila kipengele, usiseme "watasoma kwenye CV". Tangazo likitaka vyeti vilivyothibitishwa na wakili au hakimu, fanya hivyo. Matangazo yao mengi yanasema wazi kwamba karatasi za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Majina yafanane kila mahali. Kama cheti kimoja kina jina tofauti, shughulikia kisheria mapema, usisubiri siku ya usaili. Na barua ya maombi usisahau kuisaini.

5. UMETOKA CHUO, AU ULIKAA NYUMBANI
Elimu itangulie, halafu mafunzo kwa vitendo, kujitolea, biashara ndogo. Kama kuna miaka miwili hukuwa kazini, sema ulichokuwa unafanya: kuuguza mzazi, kulima, kuuza duka. Mstari mmoja unatosha. Pengo lililonyamaziwa ndilo linaloleta maswali.

6. USIONGEZE CHUMVI
Kupanga upya siyo kudanganya. Wadau mnakumbuka Aprili 2017, ripoti ya uhakiki aliyokabidhiwa Rais Magufuli ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wapo waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi, wana familia, wana mikopo. Cheti ambacho huna usikiandike, hata kama mshikaji anakwambia "hawaangalii".

7. KABLA HUJATOKA CAFE
Tengeneza CV moja ndefu yenye kila kitu, hiyo haitumwi kokote. Kila kazi ikija, chota humo unachohitaji. Faili lipe jina lako na jina la kazi, siyo "cv mpya mpya 3". Anwani ya barua pepe iwe jina lako, hayo mambo ya "mtotomtamu" muachie mpenzi wako. Wadhamini wako wapigie kwanza, wasije wakaulizwa habari zako wakasema "nani huyo?" Ukimaliza, toka kwenye barua pepe na ufute CV kwenye kompyuta ya watu, maana ina namba yako ya simu na tarehe ya kuzaliwa.

Halafu jamani, anayekwambia tuma hela ya fomu au ya "usajili wa usaili" ndipo upewe kazi, huyo ni tapeli. Hela yako kalipie cafe, urekebishe CV.

Yule dogo tulikaa naye kama saa moja hivi. Aliondoka na CV tatu, mtu yule yule, na hakuna uongo hata mmoja.

Nawasilisha. Walioko maofisini wanaosoma CV za watu, tupeni na nyie mnachokiona huko.