Umoja au wingi: Neno lipi liandikwe kwenye tovuti ya Kiswahili?

WENYE tovuti za Kiswahili wanaotaka kuonekana mapema kwenye mitambo ya kutafuta, kama vile Google, hukabiliwa na swali ambalo miongozo ya Kiingereza hulipitia haraka: neno la kutafutia liandikwe kwa umoja au kwa wingi?

Kwa Kiingereza jambo hilo ni jepesi kiasi. Wingi wa maneno mengi hupatikana kwa kuongeza herufi mwishoni, na shina hubaki mahali pake. Mwaka 1980 Mwingereza Martin Porter alichapisha kanuni ya kompyuta inayokata mikia ya maneno ya Kiingereza ili yale ya shina moja yahesabiwe pamoja, na kanuni hiyo ikaenea katika programu nyingi za utafutaji.

Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno. Kisu huwa visu, ukuta huwa kuta, jino huwa meno. Kukata mikia hakusaidii kitu hapo.

Tena mabadiliko hayaishii kwenye nomino. Mathalani, mkazi wa Ngujini, kata iliyo kwenye Milima ya Upare wilayani Mwanga, anaweza kutangaza "kiwanja kinauzwa Ngujini". Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam akaandika "viwanja vinavyouzwa Ngujini". Wote wawili wanazungumzia jambo moja, lakini kwa mtambo unaolinganisha herufi tu, neno pekee linalowakutanisha ni jina la kata. Muuzaji hukosa mteja, na mnunuzi huamini kuwa Ngujini hakuna kinachouzwa. Hata nomino isipobadilika, maneno yanayoifuata hubadilika: nyumba ya kupanga, nyumba za kupanga.

Kompyuta inaweza kufundishwa sarufi hiyo. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alichapisha maelezo ya mfumo wa kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili. Google nayo hueleza kuwa mitambo yake sasa hutambua uhusiano wa maneno hata yasipofanana kabisa. Hata hivyo, busara ni kujaribu: kuandika umoja, kisha wingi, na kulinganisha kurasa zinazoletwa. Matokeo yakitofautiana, uchaguzi wa neno bado una uzito.

Kinachopaswa kuamua ni haja ya mtafutaji. Anayeandika "vyumba vya kupanga" au "nafasi za kazi" anataka orodha ya kuchagulia, hivyo ukurasa wenye orodha hufaa kubeba wingi katika kichwa chake. Anayeandika "fundi bomba" ana bomba moja linalovuja na anahitaji mtu mmoja. Ukurasa wa kiwanja kimoja useme kiwanja, na ule unaovikusanya vyote useme viwanja. Kurundika maumbo yote mawili katika kila sentensi humchosha msomaji, na Google huhesabu mrundikano wa maneno kuwa ukiukaji wa taratibu zake.

Yapo maneno yasiyohitaji mashauri. Tangawizi, zao linalolimwa Mamba Miamba wilayani Same, ni tangawizi iwe moja au gunia zima. Majina ya mahali nayo hayaguswi: Milima ya Upare hubaki katika wingi wake, na Bwawa la Nyumba ya Mungu katika umoja wake.

Mwenye tovuti anaweza kuona maneno yaliyowaleta wageni kwa kutumia Search Console, huduma ya bure ya Google. Kwa kata ndogo kama Ngujini takwimu huenda zikawa chache mno, na hapo ujumbe wa simu wa wateja wenyewe huwa mwongozo bora, kwa kuwa huonyesha wanavyokiita kitu. Sehemu iliyofichwa ya ukurasa, ambamo watengenezaji wa zamani walijaza maneno ya kutafutia, haistahili muda huo: Google ilitangaza mwaka 2009 kuwa haiitumii kupanga matokeo.